Majuu ya 1959: Walikula Baridi, Wakaandika Nyumbani "Mimi Mzima"

Siku hizi mtu akipata viza, mtaa mzima unajua kabla hajanunua hata begi. Picha na pasipoti, picha pale uwanja wa ndege, picha ya bawa la ndege juu ya mawingu, halafu theluji ya kwanza anairekodi video dakika nne. Baada ya miezi mitatu posti zinakata. Washkaji wanasema jamaa kashapata hela, katusahau. Kumbe jamaa yuko zamu ya usiku kwenye ghala fulani anabeba boksi, vidole vimekufa ganzi, na chumbani wanalala wanne.

Watu wanadhani hii tabia ya kuficha msoto imeletwa na simu. Wala. Ina zaidi ya miaka 60, na waasisi wake ni vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar waliokwenda kusoma Marekani, Urusi na China wakati bendera ya Mwingereza bado inapepea huku kwetu. Hawakuwa na bando. Walikuwa na kile kikaratasi cha barua ya ndege, chepesi kama ganda la kitunguu, na nafasi ndogo ya kuandika. Wengi walijaza nafasi ile kwa salamu za ukoo mzima, kisha mwishoni: mimi mzima, masomo yanaendelea vizuri.

Historia ya shuleni inawapitisha hawa watu haraka sana. Walikwenda, wakasoma, wakarudi, wakawa mawaziri na maprofesa. Basi. Hapo katikati, yaani ile miaka minne mitano ya kuishi kwa watu, hakuna anayeigusa. Na hapo ndipo kuna stori.

Kwanza, kwa nini waliondoka? Mwaka 1959, ukitaka digrii bila kuvuka mipaka ya Afrika Mashariki, mlango wa kweli ulikuwa mmoja tu, Makerere, pale Kampala. Nairobi kulikuwa na Royal Technical College iliyopokea wanafunzi 1956, ndiyo kwanza inatambaa. Dar es Salaam hakukuwa na chuo kikuu kabisa. Kilikuja Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi ambao wangeenea kwenye Hiace moja. Kijana aliyefaulu mtihani wa Cambridge vizuri tu, ila nafasi Makerere akakosa, alibaki na ukarani, ualimu, au jembe. Na uhuru unanukia. Mwingereza akiondoka, nani atakaa kwenye zile ofisi?

Hapo ndipo alipoingia Tom Mboya, yule mwenye barabara na sanamu Nairobi. Mwaka ule alikuwa hajafika miaka 30. Alizunguka Marekani akihutubia na kuomba vyuo vitoe nafasi kwa vijana wa kwao. Nafasi zikapatikana, nauli ikawa ishu. Wakatokea mastaa watatu wa kule, Harry Belafonte mwanamuziki, Sidney Poitier mwigizaji, na Jackie Robinson mchezaji wa besiboli, wakaweka saini zao kwenye barua ya kuomba Wamarekani wachange. Septemba 1959 ndege ya kukodi ikatua New York na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, ndege zikaongezeka, na safari hii wakapanda hata Watanganyika, Waganda na Wazanzibari. Mpaka mpango unaisha 1963 walikuwa wamevuka karibu 800.

Lakini hii si stori ya Mboya wala ya Kennedy. Wao wana barabara na viwanja vya ndege. Hii ni ya wale walioshuka kwenye ndege wakiwa na suti moja.

Hela ya wale mastaa ililipa ndege. Mengine yote, kuanzia sanduku na koti mpaka vidola vya kuanzia maisha, yalitoka kijijini. Ng'ombe waliuzwa. Mbuzi walichinjwa kwenye chai za mchango. Watu wasiojua kusoma walitoa shilingi zao ili mtoto wa jirani akasome kwa niaba ya wote. Kwa hiyo kijana alipopanda ngazi za ndege, mgongoni alikuwa amebeba deni la kata nzima. Shika hilo, maana kila kitu kilichofuata kinaanzia hapo.

Kitu cha kwanza kilichotaka kuwaua kule kilikuwa barabara. Huku tumezoeshwa na Mwingereza kushika kushoto. Marekani wanashika kulia. Mtu anafika ukingoni mwa barabara, anaangalia upande aliofundishwa tangu mdogo, anaona kweupe, anakanyaga lami, na gari linampulizia honi kutokea upande mwingine. Hilo kila mgeni alilipitia, na mpaka leo linawapata.

Cha pili ni salamu. Mmarekani anakuuliza habari yako huku anatembea! Mtoto wa Kiswahili anasimama, anavuta pumzi aanze kujibu za asubuhi, za masomo, za jana, akigeuka mwenzake kashafika mwisho wa korido. Inaonekana kitu kidogo, ila ukikaa wiki nzima hakuna aliyesubiri jibu lako, unaanza kujiuliza kama upo.

Halafu chakula. Chai inaletwa na barafu ndani. Mahindi yapo, tena ya kumwaga, hasa majimbo ya katikati kama Kansas na Iowa, lakini mengi ni ya kulishia ng'ombe na nguruwe, na ugali hakuna anayeujua. Mtu anapita na basi kando ya shamba la mahindi lisiloisha, macho yanaona nyumbani, tumbo linaenda kula mkate laini kama sponji.

Lugha nayo ilikuwa na mitego. Wamefundishwa Kiingereza cha Malkia, wanafika wanakuta kingine. Kwenye shule za Mwingereza raba ni kitu cha kufutia penseli. Kwa Mmarekani, raba ni kondomu. Sasa vuta picha kijana aliyelelewa na mapadri, tai imekaza shingo, anamgeukia binti aliyekaa kando yake darasani na kumwomba kwa heshima zote amwazime raba.

Darasani kwenyewe ilikuwa dunia nyingine. Huku mwalimu akiingia mnasimama kama kwata. Kule profesa anakaa juu ya meza, miguu inaning'inia, na mwanafunzi anamkatisha katikati ya sentensi kusema hakubaliani naye, na profesa anafurahi. Mtihani mwingine unaweka alama tu kwenye jibu sahihi. Kwa mtu aliyefundishwa kuandika insha za kurasa nane kwa mwandiko wa kulala, ile ilionekana kama mchezo wa bahati nasibu. Halafu anafeli kimojawapo, ndiyo anajua si mchezo.

Majani yakaanza kuanguka. Mtu aliyetoka Nyeri au Bukoba, ambako mgomba ni kijani Januari mpaka Desemba, akiona miti ya mji mzima inageuka rangi na kukauka ndani ya wiki chache, lazima ashtuke. Baada ya hapo ikaja baridi yenyewe. Ile suti ya Nairobi, iliyopigiwa picha studio kwa fahari, haikuwa na kazi yoyote mbele ya upepo wa Kansas mwezi wa kwanza. Wengi waliokolewa na makoti ya watu, ya makanisa na ya familia zilizowapokea.

Na ifike Krismasi sasa. Bweni linafungwa. Wenzako wote wanakwenda kwao, wewe kwenu ni mwendo wa mabara mawili. Familia fulani ya mji ule inakualika, watu wazuri kabisa, wanakupa zawadi ya soksi, halafu mezani mjomba wao anauliza kama nyumbani kwenu mnaishi na simba. Unajibu kwa adabu. Mwaka unaofuata unajibu tena.

Kwa Wakenya kulikuwa na swali baya zaidi, la Mau Mau. Magazeti ya Magharibi yalikuwa yamewachora wapiganaji wale kama mashetani wa msituni. Mwaka 1957 ilitoka filamu ya Hollywood iitwayo Something of Value kuhusu vita ile, imetoka kwenye riwaya ya mzungu, na Wamarekani wengi walichojua kuhusu Wakikuyu walikijua kwenye sinema. Sasa nani aliigiza kama kijana wa Kikuyu anayeingia msituni? Sidney Poitier. Huyo huyo aliyekuja kuweka saini barua ya kuwachangia nauli. Noma sana. Filamu yake iliwatangulia kuwaharibia jina, saini yake ikawaleta kulisafisha.

Sasa hela. Ufadhili wa wengi ulilipa ada, wakati mwingine na chumba. Sabuni, vitabu, viatu, dawa, nauli ya basi, juu yako. Kwa hiyo walifanya kazi. Waliosha vyombo kwenye kantini ya chuo kile kile wanachosoma, wakafagia maktaba usiku, wakahudumia mezani. Likizo ndefu ya kiangazi walitafuta vibarua mashambani, viwandani na kwenye hoteli. Kubeba boksi hakukuanza na kizazi cha leo, jina tu ndilo jipya.

Ila kuna kitu kinachofanya uoshaji wa vyombo wa 1960 uwe mzito kuliko wa sasa. Huku nyumbani wakati ule, mwanamume aliyeosha sufuria za watu wengine alikuwa na jina moja: boi. Boi wa mzungu. Baba wa wengine kati ya vijana hawa walikuwa wapishi na watumishi kwenye nyumba za walowezi, wanaume wazima wenye wake na watoto wanaoitwa boi na mtoto wa miaka sita. Mzee kauza ng'ombe ili mwanawe asije akavaa ile kanzu nyeupe ya mpishi. Mwana anavuka bahari, na jioni ya kwanza anafungiwa aproni kiunoni, mbele yake kuna rundo la sahani za wazungu.

Utaandikaje hilo kwenye barua? Barua yenyewe haisomwi na baba peke yake. Inasomwa kwa sauti, mara nyingi na mwalimu wa shule au mtoto anayejua kusoma, na waliochanga wote wamekaa wanasikiliza. Kalamu inasimama hapo. Kijana anaandika anaendelea vizuri, anatumia picha amevaa koti mbele ya jengo kubwa. Picha inawekwa ukutani. Kijiji kinaona koti, hakioni aproni.

Na kuna mengine ambayo hata picha haikuweza kuyaficha ila kwa kukaa kimya kabisa.

Septemba 1960, binti mmoja kutoka Nyeri alifika New York na kikundi cha wenzake, wakapanda basi kwenda Kansas, kwenye chuo cha masista wa Kibenedikto mji wa Atchison. Njiani, jimbo la Indiana, wakashuka mahali wanywe soda. Wakaambiwa soda watauziwa, ila kukaa ndani hapana, wakanywee nje. Hilo ndilo lilikuwa somo lake la kwanza Marekani, kabla hata hajafika darasani. Kumbuka ametoka nchi ya walowezi, ubaguzi anaujua. Alichokuwa hajakijua ni kwamba upo na huku walikomwambia ni nchi ya watu huru.

Waliokwenda vyuo vya Wamarekani weusi, kama Howard pale Washington au Tuskegee kule Alabama, waliingia moja kwa moja kwenye moto. Februari 1960 wanafunzi wanne weusi walikaa kwenye kaunta ya chakula ya wazungu mji wa Greensboro, North Carolina, wakagoma kuondoka, na mgomo ukasambaa majimbo ya kusini. Mwanafunzi mgeni afanye nini? Akiandamana na akakamatwa, anaweza kufukuzwa nchini, na ng'ombe za kijiji zinakuwa zimekwenda bure. Akikaa chumbani, wenzake weusi wanamwona mwoga. Wengine waliandamana, wengine walijifungia na vitabu. Ni rahisi leo kuwahukumu ukiwa umekaa kwenye kochi.

Kulikuwa pia na kichekesho kichungu. Wamarekani wazungu, baadhi yao, walikuwa na adabu zaidi kwa mweusi wa kutoka Afrika kuliko kwa mweusi wa kwao. Ukivaa vazi la kiasili na kuongea kwa lafudhi ya mbali, unaweza kupewa kiti alichonyimwa mtu ambaye babu yake alizaliwa mtaa ule ule. Mwaka 1961 waandishi watatu wa gazeti la weusi la Baltimore, Afro-American, waliamua kulipima hilo. Wakakodi majoho ya gharama, wakajifanya wakubwa kutoka nchi ya Kiafrika iitwayo Goban, nchi ambayo haipo kwenye ramani yoyote, wakaenda kwenye migahawa ya barabara inayounganisha Washington na miji ya kaskazini. Sehemu kadhaa walipokelewa kwa heshima, wakahudumiwa. Ni ngozi ile ile, nguo tu zimebadilika. Fikiria mwanafunzi wa Kiafrika anasoma habari ile asubuhi, halafu anakaa kula na rafiki yake mweusi wa Alabama. Maongezi yanakuwaje hapo?

Mapenzi nayo yalikuwepo, watu wazima wasijifanye. Mwaka ule ule 1959, jamaa mmoja wa Kijaluo, kichwa kweli kweli, alikwenda kivyake mpaka Hawaii. Hakuwa kwenye ndege ya wale 81. Nyumbani alikuwa ameacha mke. Kule akampenda binti wa Kizungu mzaliwa wa Kansas, wakaoana Februari 1961, Agosti wakapata mtoto wa kiume. Mwaka 1962 jamaa akaenda Harvard peke yake, na ndoa haikudumu. Mtoto aliyebaki Hawaii aliapishwa mwaka 2009, mnajua wapi na kama nani. Ya baba yake hayakuwa ya ajabu kwa kizazi kile. Wengi walikuwa na nyumba mbili zisizojuana, na bahari katikati inatunza siri.

Si wote walikwenda upande wa Marekani. Kuna njia nyingine iliyokuwa ngumu mara kumi na inazungumzwa mara chache. Mwingereza hakutaka kutoa pasipoti kwa mtu anayekwenda kwa Wakomunisti, kwa hiyo vijana walitoroka. Wanatoka Kampala kwenda kaskazini mpaka Juba, wanapanda meli ya Mto Nile siku nyingi mpaka Khartoum, treni mpaka Wadi Halfa, meli tena kuingia Misri, treni tena mpaka Cairo. Cairo kulikuwa na ofisi za vyama vya ukombozi zilizowapangia pa kwenda: Moscow, Prague, Sofia, Ujerumani Mashariki, Beijing. Wengine walitembea kwa miguu vipande vizima vya njia ile. Ukilinganisha na hao, wale wa ndege walikula bata.

Moscow walifungua chuo maalumu kwa wageni mwaka 1960, na 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba. Huko mpango ulikuwa mwingine kabisa. Unapewa koti zito, kofia ya manyoya, posho inayozidi ya mwanafunzi Mrusi wa kawaida, na mwaka wa kwanza unajifunza Kirusi kabla ya kitu kingine chochote. Hakuna kuosha vyombo vya mtu. Lakini posho ile kubwa ilileta chuki. Mrusi anayepanga foleni ya viatu anamwona mgeni ana viatu vipya, na binti wa Kirusi mkononi, basi, maneno yanaanza.

Beijing mwaka 1962, mwanafunzi wa Kizanzibari alitaka kununua sigara hotelini, ukazuka ugomvi, wafanyakazi wa hoteli wakampiga. Mzanzibari wa watu, sigara tu! Wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa mji ule wakagoma kwa hasira, na wengi wakafunga mizigo wakaondoka China. Miezi michache tu kabla, Septemba 1961, Redio Peking ilikuwa imeanza kutangaza kwa Kiswahili kuwaambia watu wa huku kuwa Wachina ni ndugu zao. Redio ilisema lake, na hotelini yakatokea yake.

Sofia, Bulgaria, Februari 1963, wanafunzi wa Kiafrika waliandamana baada ya umoja wao kupigwa marufuku, polisi wakaingia, na mamia wakaihama nchi ile. Desemba mwaka huo huo, mwanafunzi wa Kighana aliyekuwa akisomea udaktari mji wa Kalinin alikutwa amekufa kwenye theluji nje ya Moscow. Serikali ikasema alilewa akagandishwa na baridi. Wenzake wakasema ameuawa kwa sababu alitaka kuoa Mrusi. Tarehe 18 mamia ya wanafunzi wakaandamana mpaka Uwanja Mwekundu, na bango mojawapo lilisema Moscow ni Alabama ya pili. Mtu alikimbia ubaguzi wa Magharibi akapitia jangwa la Nubia kwenda kwa watetezi wa wanyonge, na bado akaishia kubeba bango lile.

Maandamano yale yaliandikwa na magazeti ya dunia, kwa hiyo nyumbani wazee wakasikia kwenye redio ya dukani. Barua za wasiwasi zikaenda. Majibu yakarudi: msiwe na hofu, mimi mzima.

Uongo huo ulikwenda pande zote mbili, na hili huwa linasahaulika. Nyumbani nako walificha. Ukame umeua mifugo, mdogo mtu ameacha shule kwa kukosa ada, mama anaumwa. Hayaandikwi, mtoto asije akavurugikiwa masomo. Simu ilikuwa ya matajiri na serikali. Barua ya msiba ilipofika, kaburi lilikuwa limeshaota majani. Mtu anaifungua kwenye korido ya bweni, vijana wa Kimarekani wanapita na taulo wakienda kuoga, na anaona tarehe juu ya karatasi, anahesabu. Siku ile mama anazikwa yeye alikuwa kwenye mtihani wa kemia. Hakuna wa kukaa naye matanga. Msiba wa mtu mmoja, chumbani, na kesho yake kipindi saa mbili asubuhi.

Mwaka 1963 ulifunga kwa kishindo. Novemba 22 Kennedy aliuawa Dallas, na kwa wale ambao ndege yao ililipwa na hela ya familia yake ilikuwa kama kufiwa na mfadhili wa ukoo. Siku 20 baadaye, Desemba 12, Kenya ikapata uhuru. Zanzibar ilitangulia kwa siku mbili. Siku waliyoisubiri maisha yao yote iliwakuta kwenye baridi, mabweni ya watu, wanapika wali wa kuungua kwa jiko la kuazima na kuimba. Mwezi ule ule wa Desemba uwanja wa Idlewild, waliposhukia wale 81, ukabadilishwa jina. Ndio huo JFK unaouona kwenye tiketi.

Wakaanza kurudi. Waliosoma Marekani walikuta wakubwa wa kizamani waliofundishwa na Mwingereza wanaziona digrii zao nyepesi. Waliosoma Urusi walipata taabu zaidi, maana vyeti vyao vilitiliwa shaka kama vitabu vya uchawi, na Kenya siasa zilipochacha kusoma Moscow kukawa doa. Lakini ofisi zilikuwa tupu, Waingereza wanaondoka, kwa hiyo wengi waliingia kazini haraka na kupanda haraka. Ambao hawakumaliza, walioishiwa ada, walioumwa, waliovunjika moyo, wengi hawakurudi mapema. Ungerudije mikono mitupu kwa watu waliouza ng'ombe?

Na waliorudi wakakuta kijiji kimeziamini barua. Kwenye akili za watu, majuu hela inaokotwa, kazi ni kusoma tu, na wazungu wa kule ni wakarimu. Mdogo mtu anauliza mbona hukuja na gari. Binamu watatu wamepanga foleni wapelekwe. Hapo ilikuwa nafasi ya kusema ukweli, aproni na Indiana na yote. Wengi walikausha. Wakawaambia binamu wasome kwa bidii.

Yule binti wa Nyeri alimaliza biolojia Kansas mwaka 1964, akachukua shahada ya pili Pittsburgh, akarudi Kenya 1966, akapanda miti mingi sana. Wanaojua wameshamjua. Mwaka 2004 alitajwa mshindi wa Nobel. Kisa cha kunyweshwa soda nje kilikuja kusomwa na watu kwenye kitabu chake cha maisha, kilichotoka 2006, miaka 46 baada ya basi lile kusimama Indiana.